Kuchagua kasi ya filamu na dawa ya kuisafishia katika picha za nyeusi na nyeupe

Anayeanza kupiga picha za nyeusi na nyeupe kwa filamu hukutana mapema na maswali mawili: anunue filamu ya kasi gani, na aisafishe kwa dawa ipi. Wengi hubishana sana juu ya swali la pili, ilhali uzito uko kwenye la kwanza. Dawa inaweza kulainisha chembe, kunoa kingo za vitu, na kubana au kupanua tofauti kati ya mwanga na kivuli, lakini haiwezi kutoa kwenye filamu kitu ambacho mwanga haukukiandika shata ilipofunguka. Kwa sababu hiyo maelezo haya yanaanzia kwenye mwanga wa mahali unapopigia, yanapita kwenye filamu, ndipo yanafika kwenye dawa. Aidha, kwa kuwa majedwali mengi ya viwandani ya muda wa kusafisha yameandikwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hukaribia nyuzi 28 katika miezi ya joto, suala la joto limepewa hapa nafasi kubwa kuliko kawaida.

Namba iliyo kwenye boksi

Kasi ya filamu huandikwa kwa kipimo cha ISO, ambacho kiliunganisha kipimo cha Kimarekani cha ASA na cha Kijerumani cha DIN. Ndiyo maana filamu ya HP5 Plus ya Ilford huandikwa 400/27, namba ya kwanza ikitokana na ASA na ya pili na DIN. Namba ya kwanza ikiongezeka maradufu, filamu inahitaji nusu ya mwanga, na tofauti hiyo huitwa hatua moja. Kutoka 100 hadi 400, basi, ni hatua mbili. Kasi hulipiwa kwa chembe, kwa sababu filamu yenye kasi kwa kawaida hubeba fuwele kubwa zaidi za chumvi za fedha, na fuwele hizo zikishageuzwa kuwa fedha nyeusi huonekana wazi picha inapokuzwa.

Kinachosahaulika ni kwamba namba hiyo hupimwa kwenye vivuli, si kwenye uso wa mtu wala kwenye mawingu. Kiwanda hutafuta kiasi cha mwanga kinachotosha kuipa negativu (filamu iliyosafishwa, ambako penye mwanga hutoka peusi na penye kivuli hubaki peupe) weusi wa 0.10 juu ya ule wa filamu isiyopigwa, yaani pale ambapo kivuli kinaanza tu kuacha alama ya kutumika. Ukiipa filamu mwanga pungufu ya hapo, kivuli kitabaki kitupu. Kuiacha kwenye dawa kwa muda mrefu zaidi kutazidisha weusi wa sehemu angavu, huku kivuli kikibaki karibu vilevile. Huko ndiko kunakoitwa kupandisha kasi, na jina hilo linapotosha kidogo, kwa maana kinachopanda hasa ni tofauti kati ya mwanga na kivuli.

Kwa hiyo si kila namba iliyo kwenye boksi ni kasi halisi. Delta 3200 ya Ilford, ikipimwa kwa kanuni za ISO, iko karibu na 1000, na T-Max P3200 ya Kodak iko kati ya 800 na 1000 kulingana na dawa. Zote mbili zimetengenezwa ili zivumilie kupandishwa bila sehemu angavu kuziba haraka. Upande wa pili, Fomapan 400 ya Jamhuri ya Cheki, ambayo bei yake huwa nafuu, wapiga picha wengi huipiga kama filamu ya 200 au 250 kwa sababu vivuli vyake huwa vyembamba ikipigwa kwa 400. Filamu moja ikae kando kabisa katika mazungumzo haya: XP2 Super ya Ilford, ingawa ni ya nyeusi na nyeupe, husafishwa kwa dawa za filamu za rangi, na ukiitia kwenye D-76, dawa ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, utakuwa umeinunua bila sababu.

Mwanga wa mahali

Kanuni ya zamani inasema kwamba kwenye jua kamili, tundu la lenzi likiwa f/16, mwendo wa shata uwe sawa na kasi ya filamu. Filamu ya 125 itapigwa 1/125 ya sekunde, na ya 400 itapigwa 1/500, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi kwenye kamera nyingi. Kwenye mchanga mweupe wa pwani mwanga huongezeka kwa hatua moja zaidi, na hapo mwenye kamera ya zamani ambayo shata yake inaishia 1/500 atajikuta hana pa kwenda na filamu ya 400. Mtu anayepiga mashua, bahari na minazi mchana anahudumiwa vizuri zaidi na FP4 Plus ya 125 au filamu nyingine ya kasi ya 100, hasa akitaka kufungua tundu ili mandhari ya nyuma ififie. Kichujio cha njano kinachotia anga giza hula takriban hatua moja, na chekundu kikolevu hula tatu. Mwenye kukitumia aingize hesabu hiyo kabla ya kuchagua filamu.

Sasa ingia kichochoroni. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar au katika mji wa Lamu, kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, na mwanga unaofika chini unaweza kupungua kwa hatua tano kutoka ule wa darini. Kwa filamu ya 400 hiyo ni f/4 na 1/250, nafasi nzuri ya kumshika mtu anayetembea. Kwa filamu ya 100 ni f/4 na 1/60, na mtu huyohuyo atatoka na ukungu. Hapa chembe si hoja. Picha iliyotikisika haiponi kwa ulaini wa filamu. Swali la kujiuliza, kwa hiyo, ni hili: mahali penye giza zaidi ambapo ninataka undani uonekane, nitahitaji shata ya mwendo gani na tundu la kiasi gani? Jibu lake ndilo linalochagua filamu. Kwa anayetembea mjini na kamera moja, akitoka juani na kuingia kivulini ndani ya dakika ileile, jibu langu ni filamu ya 400 yenye chembe za jadi, yaani HP5 Plus au Tri-X ya Kodak, na sababu yake itaonekana tutakapofika kwenye joto.

Kuna hali moja ambayo miongozo ya Ulaya huigusa kwa juujuu na huku kwetu ni ya kila wiki: bwana harusi mwenye ngozi nyeusi, amevaa kanzu nyeupe, amesimama nje saa saba mchana. Kanzu inarudisha mwanga mwingi mno, uso unarudisha mdogo, na chini ya kofia kuna kivuli kingine tena. Mita ya mwanga iliyo ndani ya kamera haijui lolote kati ya hayo, inajua tu kuugeuza wastani wa inachokiona kuwa kijivu cha kati. Ikielekezwa kwenye kanzu itakupa mwanga mdogo na uso utapotea. Ikielekezwa kwenye uso peke yake itakupa mwanga mwingi, na hapo upunguze hatua moja hivi ili ngozi ibaki na weusi wake halisi badala ya kugeuzwa kijivu. Mwenye mita ya mkononi yenye kuba dogo jeupe la kupokea mwanga aisimamishe mbele ya uso, ikielekea kamera, na hesabu itatoka sawa bila kujali rangi ya nguo wala ya ngozi.

Kisha ipige filamu ya 400 kana kwamba ni ya 200, na usafishe kwa muda pungufu kwa asilimia 15 hadi 20. Hatua moja ya ziada inaingiza undani kwenye kivuli cha kofia na kwenye kope, na upungufu wa muda kwenye dawa unazuia kanzu isizibe, hivyo mikunjo ya kitambaa na darizi shingoni vinabaki vikisomeka. Kwa mwanga wa juu wa Ikweta, huu ni utaratibu ninaoupendekeza kuwa wa kawaida na si wa dharura.

Kinyume chake ni taarabu ukumbini au ngoma ya usiku, ambapo hakuna mwanga wa kutosha hata ukifungua tundu lote. Hapo kupandisha HP5 Plus hadi 1600 ni halali. Kubali tu tangu mwanzo kwamba pembe za ukumbi zitakuwa nyeusi tii, na pima mwanga kwenye nyuso zilizo jukwaani peke yake.

Dawa

Dawa zote za kawaida hufanya kazi moja: hugeuza fuwele zilizoguswa na mwanga kuwa fedha na kuziacha zile ambazo hazikuguswa, ambazo baadaye huondolewa na fiksa. Tofauti kati yake ziko katika mambo matatu yanayovutana, yaani ulaini wa chembe, ukali wa kingo na kasi, na dawa inayotoa kimoja kwa wingi hupunguza kingine.

Kipimo cha kulinganishia ni D-76 ya Kodak, iliyoanza miaka ya 1920, pamoja na ID-11 ya Ilford ambayo kwa matumizi ni dawa ileile. Lita moja ya fomula yake ya asili ina gramu 2 za metoli, gramu 100 za sulfaiti ya sodiamu, gramu 5 za haidrokwinoni na gramu 2 za boraksi. Sulfaiti hiyo nyingi huilinda dawa isiharibiwe na hewa, na pia huyeyusha kidogo kingo za chembe za fedha, ndiyo maana dawa isiyozimuliwa hutoa picha laini. Ukiizimua 1+1, yaani sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji, kuyeyusha huko kunapungua, kingo zinakuwa kali kidogo, na muda unaongezeka: HP5 Plus iliyopigwa kwa 400 huhitaji dakika 7 na nusu katika ID-11 isiyozimuliwa, na dakika 13 katika 1+1, zote kwa nyuzi 20. Dawa iliyozimuliwa hutumika mara moja na kumwagwa. Hasara hiyo ina faida yake, kwa sababu kila filamu hupata dawa mpya na matokeo hayabadiliki kutoka wiki hadi wiki.

Microphen ina fenidoni mahali pa metoli na hutoa kasi zaidi kidogo kwenye vivuli, labda theluthi hadi nusu ya hatua. Hii ndiyo ya ngoma ya usiku: HP5 Plus kwa 1600 huchukua dakika 11 katika Microphen isiyozimuliwa, wakati ID-11 huchukua 14. Perceptol iko upande wa pili. Chembe zake ni laini sana, lakini hula kasi, na filamu ya 400 inayosafishwa ndani yake ni heri ipigwe kwa 200 au 250. Xtol ya Kodak, iliyotoka miaka ya 1990, hupatanisha vizuri kuliko nyingi kwa kutoa chembe laini bila kupoteza kasi, ila huyeyushwa lita tano kwa mara moja, na mtu anayesafisha filamu mbili kwa mwezi ataimwaga nyingi ikiwa imeshakufa.

Rodinal ni kisa kingine. Hataza yake ni ya mwaka 1891 na bado inauzwa, pia kwa majina mengine. Ni maji mazito ya kuzimuliwa 1+25 au 1+50, hudumu miaka kwenye chupa hata ikibadilika rangi na kuwa kama kahawa, na haina sulfaiti ya kutosha kuyeyusha chembe, hivyo chembe hutoka wazi na kingo hukata. Kwenye FP4 Plus au Pan F Plus, filamu ya kasi ya 50, matokeo ni mazuri ajabu. Kwenye filamu ya 400 iliyopandishwa kasi siipendekezi, kwa kuwa inapoteza vivuli mahali ambapo vilikuwa haba tayari.

HC-110 nayo ni ya majimaji na hudumu sana, jambo la maana kwa anayeagiza dawa kutoka mbali. Zile za unga husafirishwa kwa urahisi zaidi, lakini zikishayeyushwa saa imeanza kuhesabu: D-76 iliyo kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri hukaa miezi sita, na kwenye chupa iliyojaa nusu ni miwili tu.

Watu huuliza kuhusu dawa ya kahawa, ile iliyotokana na majaribio ya Chuo cha Teknolojia cha Rochester huko Marekani mwaka 1995. Inafanya kazi. Huhitaji kahawa ya kuyeyuka, vitamini C na kabonati ya sodiamu, na hapo ndipo wengi wetu hukosea kwa kutia magadi ya sokoni, ambayo yana bikabonati ndani yake na hayana ukali unaotakiwa. Ni mchezo mzuri kwa Jumapili. Si dawa ya harusi ya mtu.

Joto la maji

Ilford hutoa mfano rahisi: filamu inayohitaji dakika 4 kwa nyuzi 20 itahitaji 3 kwa nyuzi 23. Kila nyuzi moja inayopanda, basi, huondoa takriban sehemu moja ya kumi ya muda uliobaki. Kwa hesabu hiyo, dakika 13 za HP5 Plus katika ID-11 ya 1+1 zinakuwa karibu 9 kwa nyuzi 24, na 6 na nusu hivi kwa nyuzi 27. Zile dakika 7 na nusu za dawa isiyozimuliwa zinakuwa chini ya 4 kwa nyuzi 27, na muda ulio chini ya dakika 5 ni wa hatari, kwa sababu dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa na anga hutoka na mabaka. Ndiyo maana katika nchi ya joto kuzimua ni njia ya kununua muda. Vivyo hivyo HC-110 ya 1+31, ambayo huisafisha HP5 Plus kwa dakika 5 tu kwenye nyuzi 20, wengi huizimua 1+63 na kuongeza muda maradufu.

Kuna wanaojitahidi kuipoza dawa hadi nyuzi 20 kwa barafu na kisha kuisuuza filamu kwa maji ya bomba ya nyuzi 29. Huo ni mpango mbaya. Utando wa filamu ni wa jelatini, huvimba kwa joto, na kuurusha kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto kunaweza kuukunja na kuzifanya chembe zionekane kubwa. Afadhali dawa, maji ya kusimamishia, fiksa na maji ya mwisho vyote viwe nyuzi 24 kuliko dawa peke yake kuwa 20. Chupa zote ziwekwe kwenye beseni moja la maji, itumbukizwe chupa ya maji yaliyogandishwa, na kipimajoto kiachwe ndani hadi vyote vilingane. Siku ambayo 24 haipatikani, 26 iliyo thabiti inatosha. Studio za pwani zilifanya kazi katika joto hilihili kwa miongo mingi. Kwa mfano, Capital Art Studio ya mpiga picha Ranchhod Oza ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930. Aliyeko Njombe au Limuru mwezi Julai ana tatizo la upande wa pili, na kwake maji ya moto kidogo kwenye beseni hilohilo yanatosha.

Hapa ndipo ilipo sababu ya kupendekeza filamu za jadi. T-Max na Delta, zenye fuwele bapa, hutoa chembe laini zaidi kwa kasi ileile, lakini huadhibu upesi kosa la nyuzi moja au nusu dakika. HP5 Plus, FP4 Plus na Tri-X husamehe.

Maji yenyewe pia yaangaliwe. Visima vingi vya pwani vina chumvi, hivyo dawa iyeyushwe na filamu isuuzwe mara ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, baada ya kuhakikisha kwamba si yale yenye asidi. Filamu itunzwe kwenye friji na iachwe saa chache nje kabla ya kufungua pakiti, la sivyo unyevu utaigandia. Iliyokwisha kupigwa isafishwe mapema, hasa ile ya 3200. Vaa glavu, maana metoli huwasha ngozi za baadhi ya watu, na usihifadhi dawa kwenye chupa za soda ndani ya nyumba yenye watoto.

Kuifikia namba yako mwenyewe

Namba za viwanda ni mahali pa kuanzia. Mita yako, shata yako, kipimajoto chako na namna unavyogeuza tangi la kusafishia filamu vyote vinazisogeza. Chagua filamu moja na dawa moja, kisha tafuta mahali penye ukuta wenye jua, kivuli chenye kitu kinachotambulika ndani yake, kama kikapu au mlango wa mbao, na mtu mmoja mwenye subira. Piga picha ileile mara nne, ukiiweka mita kwenye 100, 200, 400 na 800, na urudie mpangilio huo hadi filamu iishe. Isafishe kwa muda wa jedwali uliorekebishwa kwa joto, ukigeuza tangi mara nne katika sekunde 10 za mwanzo za kila dakika, bila kubadilisha mwendo huo siku nyingine yoyote.

Filamu ikikauka, angalia kwanza sehemu ya kivuli ya kila picha. Tafuta ile iliyopigwa kwa namba kubwa zaidi ambayo bado inakuonyesha mistari ya mbao au ukili wa kikapu. Hiyo ndiyo kasi yako, na usishangae ikiwa ni 200 au 250 kwa filamu ya 400. Kisha, kwenye picha hiyohiyo, angalia ukuta wenye jua. Ukiwa mweusi kiasi kwamba skana au karatasi ya kuchapishia picha ya daraja la 2, yaani ya ukali wa kawaida, haipati tena umbile la chokaa, punguza muda kwa asilimia 15 na urudie jaribio. Ukiwa hafifu na picha nzima imelala, ongeza kwa kiasi hicho. Vivuli vinarekebishwa kwa mwanga, sehemu angavu kwa muda. Mwenye kuchanganya viwili hivyo hubadilisha dawa kila mwezi bila kujua anatafuta nini.

Vyote viwili vikikaa sawa, na bado chembe zinakukera kwenye picha kubwa, jaribu kwanza kushuka hadi filamu ya 125 pale mwanga unaporuhusu, kwa kuwa hiyo itapunguza chembe kuliko dawa yoyote. Mwanga usiporuhusu, ndipo uagize Xtol.